Unauza watoto wa mbwa wa mbegu kubwa? Acha kuuza unene

Leo siongelei mitumba, vipodozi wala simu. Naongea na sisi tunaouza watoto wa mbwa kupitia stetasi za WhatsApp, Facebook na Instagram, hasa mbegu kubwa kama German Shepherd, Rottweiler, Boerboel na machotara wao. Hata kama wewe unauza kuku au sungura, soma mpaka mwisho. Kuna kosa moja la biashara humu ambalo wengi tunalifanya bila kujijua.

Mimi niko Mpanda, mtaa wa Makanyagio. Nina majike mawili ya German Shepherd, na dume huwa natafuta kwa mfugaji mwenzangu. Wateja wangu ni watu wa kawaida wa Katavi: wenye maghala ya mpunga, wenye maduka, wafugaji wa ng'ombe, na wachimbaji wadogo wa dhahabu wanaotaka mlinzi wa usiku. Wengine wanaagiza kutoka Sumbawanga na Tabora. Soko lipo. Kilichokaribia kuniua kibiashara ni namna nilivyokuwa nawakuza hawa watoto.

MBWA ALIYENIFUNDISHA

Nilipoanza, niligundua kitu kimoja haraka: picha ya mtoto wa mbwa mnene inauza. Ukiposti kitoto kina shingo nene, tumbo limejaa, miguu kama ya dubu, ukaandika "bonge la mbwa, miezi miwili tu", simu inaita kabla hujanywa chai. Nikaona hapa ndo kwenye hela.

Basi nikawa nawanenepesha. Bakuli halikauki kutwa nzima. Uji wa maziwa asubuhi, ugali na mafuta mchana, nyama jioni. Juu yake nikaongeza vijiko viwili vya unga wa mifupa na kalsiamu ya maji, kwa sababu kila mtu alikuwa ananiambia "mbwa mkubwa anataka mifupa mikubwa". Na mimi nikaamini.

Kwenye uzao wangu wa pili kulikuwa na dume mmoja nilimwita Simba. Wiki ya kumi alikuwa mzito kuliko ndugu zake wote. Nilimuuza shilingi 350,000 kwa kaka mmoja mwenye eneo la uchimbaji. Nikampa na maelekezo: "Mlishe ashibe, usimbanie, na kalsiamu usikose." Akafuata vizuri kabisa.

Simba alipofika miezi saba, nikatumiwa video. Mbwa anataka kuinuka, anaanza na miguu ya mbele, ya nyuma inachelewa, anayumba kama mzee aliyeumwa mgongo. Akitembea anachechemea. Akikimbia anarusha miguu ya nyuma yote miwili kwa pamoja kama sungura. Yule kaka hakuwa na hasira hata, alikuwa na huzuni. Akaniambia, "Dada, nilinunua mlinzi. Sasa mimi ndo namlinda yeye."

Mara ya kwanza nilijitetea. Nikamwambia labda amepigwa, labda ameruka vibaya. Baadaye daktari wa mifugo aliyemkagua akanipigia mwenyewe. Nikamwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza nilikuwa nawalisha nini. Nikamtajia vyote kwa kujisifu. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, umekuza nyama kabla mifupa haijawa tayari kuibeba."

Nilirudisha hela yote. Lakini habari zilishatembea kwenye magrupu ya wafanyabiashara, na oda mbili nilizokuwa nimepokea malipo ya awali zikaghairishwa. Simba hajawahi kupona kabisa. Yupo kwa yule kaka, analala mlangoni, akisikia geti anabweka akiwa amelala. Kila nikimkumbuka roho inaniuma, maana mnyama hakufanya kosa lolote. Kosa lilikuwa langu.

Nikaanza kujifunza upya. Haya ndiyo niliyojifunza.

MBWA WA MBEGU KUBWA NI YUPI, NA KWA NINI YUKO TOFAUTI

Chukulia mbegu kubwa ni mbwa ambaye akikomaa atazidi kilo 25 hivi. Dume la German Shepherd hufika kilo 30 hadi 40. Dume la Rottweiler hufika kilo 50 hadi 60. Boerboel anaweza kupita hapo.

Sasa fikiria hesabu hii. Kitoto cha German Shepherd kinazaliwa na karibu nusu kilo. Ndani ya mwaka mmoja na nusu kinatakiwa kiwe na kilo 35. Yaani kinazidisha uzito wake mara 70. Hakuna mtoto wa binadamu anayefanya hivyo. Kazi hiyo yote inafanywa na mifupa ambayo bado ni laini.

Kwenye ncha za mifupa ya mtoto wa mbwa kuna sehemu za gegedu, ile nyama ngumu nyeupe unayoikuta kwenye kifua cha kuku. Hapo ndipo mfupa unaporefukia. Mbwa akikomaa, gegedu hiyo inageuka kuwa mfupa na ukuaji unafungwa. Kwa mbwa wadogo hilo huisha mapema, karibu miezi 8 hadi 10. Kwa mbegu kubwa huchukua miezi 12 hadi 18. Kwa wale majitu kama Great Dane inaweza kufika miaka miwili.

Kwa hiyo mbwa wako mkubwa anakaa muda mrefu zaidi akiwa na viungo laini, huku uzito wake unaongezeka haraka zaidi. Ukimwongezea unene juu yake, nyonga, viwiko na mabega vinabeba mzigo ambao havijaiva kuubeba. Nyonga ikikaa vibaya kwenye tundu lake, madaktari huita displasia ya nyonga. Gegedu ya kwenye bega au kiwiko nayo inaweza kupasuka na kumomonyoka. Hapo ndo unaona kuchechemea.

Tuwe wakweli: ugonjwa wa nyonga unarithiwa pia. Chakula hakiwezi kufuta damu mbaya ya wazazi. Jike au dume anayechechemea asizalishwe, hata kama ana sura nzuri vipi. Lakini mtoto aliyerithi hatari hiyo, chakula ndicho kinachoweza kuizidisha au kuipunguza.

"NIKIMPUNGUZIA CHAKULA SI ATADUMAA?"

Hili ndilo swali ninaloulizwa na kila mteja. Jibu ni hapana, mradi usimnyime bali umlishe kwa kipimo. Urefu na ukubwa wa mwisho wa mbwa umeandikwa kwenye damu yake, kutoka kwa baba na mama. Ukimlisha kupita kiasi humfanyi awe mkubwa kuliko alivyopangiwa. Unamfikisha haraka tu, akiwa na viungo vilivyochoka njiani.

Marekani kampuni ya Purina ilifanya utafiti mrefu kwa Labrador 48. Waliwapanga wawili wawili kutoka uzao mmoja. Mmoja akala, mwenzake akapewa chakula kilekile lakini pungufu kwa asilimia 25. Waliwafuatilia maisha yao yote. Matokeo ya nyonga yalitoka mwaka 1992: waliolishwa kwa kipimo walikuwa na nyonga nzuri zaidi wakiwa na miaka miwili. Matokeo ya umri yakatoka mwaka 2002: waliolishwa pungufu waliishi karibu miaka 13, wenzao karibu miaka 11 na miezi miwili. Karibu miaka miwili ya ziada, kwa kupunguza chakula tu! Mteja wangu wa ghala akisikia hivyo anaelewa mara moja, maana anajua miaka miwili ya ulinzi ni shilingi ngapi.

KALSIAMU: HAPA NDO WENGI TUNAHARIBU

Mtu mzima au mbwa mkubwa akila kalsiamu nyingi, mwili unachukua inayotosha na nyingine inatoka. Mtoto wa mbwa, hasa chini ya miezi sita, hana uwezo huo vizuri. Ukimpa nyingi, nyingi inaingia mwilini. Mifupa inavurugika namna inavyojijenga, na gegedu haigeuki kuwa mfupa kwa utaratibu wake.

Watafiti wa Utrecht kule Uholanzi walilionyesha hili kwa watoto wa Great Dane miaka ya 1980. Waliopewa kalsiamu nyingi ndio waliopata matatizo ya mifupa na viungo. Walipima protini pia baadaye, wakaona protini haikuwa tatizo. Kwa hiyo yule anayekwambia "usimpe nyama, protini inaharibu miguu" anakupoteza. Mambo ya kuogopa ni mawili: nguvu nyingi kwenye chakula kupita mahitaji, na kalsiamu ya kuongeza kiholela.

Lakini na upande wa pili upo, usije ukaruka majivu ukakanyaga moto. Mtoto wa mbwa anayelishwa nyama tupu, au ugali na utumbo peke yake, anakosa kalsiamu. Nyama na nafaka zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo. Mwili ukikosa kalsiamu unaanza kuichukua kwenye mifupa yake wenyewe. Mifupa inakuwa laini, miguu inapinda, na inaweza kuvunjika kwa kuruka kidogo tu.

Kwa hiyo kanuni ni fupi:

1. Kama unalisha chakula kamili cha dukani cha watoto wa mbwa, USIONGEZE unga wa mifupa, kalsiamu ya maji, wala chokaa ya mifugo. Tayari imo.

2. Kama unalisha chakula cha kupika nyumbani, kalsiamu inahitajika, lakini kiasi chake kipangwe na daktari wa mifugo kulingana na chakula chenyewe. Usipime kwa kijiko cha kukisia kama nilivyofanya mimi.

NALISHA NINI HUKU MPANDA

Chakula cha dukani kwetu huku siyo rahisi kukipata muda wote. Mimi naagiza kwa basi, nakitumia zaidi kuanzia watoto wanapoacha kunyonya mpaka wanapoondoka. Ukinunua, soma mfuko. Tafuta kile kilichotengenezwa kwa watoto wa mbegu kubwa, siyo cha watoto wa mbwa wote tu. Angalia kalsiamu: mimi napendelea yenye asilimia 1 hadi 1.2. Isizidi asilimia 1.8 kwa hali yoyote. Kama mfuko hauna maandishi, yaani umepimiwa kwenye kifuko cha nailoni, huna unachokijua. Uliza ulikotoka au acha.

Kwa chakula cha nyumbani, vitu vyetu vipo na ni vizuri: dona, dagaa wa Ziwa Tanganyika wanaoletwa kutoka Karema na Ikola, nyama au viungo vya ndani, mayai ya kuchemsha na mboga kidogo. Dagaa wanaliwa wazima na mifupa yao, kwa hiyo wanakuja na kalsiamu na fosforasi pamoja. Ndiyo maana nilipompelekea daktari orodha ya vyakula vyangu, alianza kwa kuuliza dagaa ni kiasi gani kabla hajaniambia kama kuna cha kuongeza. Kipimo alichonipa ni cha mbwa wangu. Wako pangiwa wako.

Mambo ya kuepuka jikoni:

- Mahindi yaliyovunda au yenye ukungu. Tunasema "hayo ya mbwa", kumbe sumu ya ukungu inaharibu ini la mbwa na inaua kabisa.

- Mabaki yenye vitunguu vingi. Vitunguu vinaharibu damu ya mbwa.

- Mifupa ya kuku iliyopikwa. Inapasuka vipande vyenye ncha na kuchoma utumbo.

- Dagaa wenye chumvi nyingi bila kuwaloweka na kumwaga maji.

- Maini kila siku kwa wingi. Kidogo kwa wiki yanatosha.

Idadi ya milo: wiki 6 hadi 12 nalisha mara nne kwa siku. Miezi 3 hadi 6 mara tatu. Baada ya hapo mara mbili. Bakuli linakaa chini dakika 15 hadi 20, halafu naliondoa hata kama kimebaki. Maji safi ndiyo yanayokaa kutwa. Na kila mmoja ana bakuli lake, maana ukiwawekea sinia moja, mbabe mmoja anakula cha watatu. Simba alikuwa ndo huyo mbabe.

JINSI YA KUJUA AMEKONDA, YUKO SAWA AU AMENENEPA

Usiamini macho, hasa mbwa mwenye manyoya mengi. Tumia mkono.

Kunja ngumi, pitisha kidole kwenye vifundo vyake. Mbavu za mbwa zikiwa zinajisikia hivyo, amekonda. Nyoosha mkono, gusa mgongo wa kiganja, pale mifupa inapojisikia chini ya ngozi nyembamba. Mbavu zikijisikia hivyo, yuko vizuri. Geuza, gusa nyama ya kiganja chini ya kidole gumba. Zikijisikia hivyo, yaani inabidi ubonyeze ndo uzipate, amenenepa.

Halafu msimamie kwa juu. Unatakiwa uone kiuno kimeingia kidogo baada ya mbavu. Mtazame kwa pembeni: tumbo linapanda kuelekea miguu ya nyuma. Akiwa kama gogo kutoka shingoni mpaka mkiani, punguza.

Tahadhari moja: tumbo lililojaa kama puto huku mbavu na uti wa mgongo vinaonekana siyo unene. Mara nyingi ni minyoo. Mimi nawapa dawa ya minyoo kuanzia wiki ya pili, kila baada ya wiki mbili mpaka wiki ya 12, kwa kipimo cha uzito alichonipa daktari. Na huku Katavi tuna mbung'o. Mtoto anayekonda, macho yana ukungu, homa inakuja na kuondoka, usikimbilie kumwongezea chakula. Mpeleke apimwe damu.

MIZANI: RAFIKI WA BEI RAHISI

Kila Jumapili asubuhi, kabla hawajala, napima. Kitoto kidogo napima kwa mizani ya jikoni ndani ya beseni. Akiwa mkubwa nasimama naye kwenye mizani ya watu, kisha nasimama peke yangu, natoa. Huna mizani? Wale jamaa wa vyuma chakavu wanayo. Mpe kijana wa pale hela ya soda, atakupimia huku anacheka.

Naandika kwenye daftari. Dume wa mwisho niliyebaki naye, kwa mfano, alienda hivi: wiki ya 8 kilo 6 na nusu, wiki ya 12 kilo 11, miezi minne kilo 16, miezi sita kilo 23. Hakuwa bonge hata siku moja. Kwenye picha alionekana wa kawaida tu. Sasa hivi ana mwaka na nusu, ana kilo 34, anaruka ukuta wangu akitaka.

Usibebe namba zangu kama sheria, kila uzao una wazazi wake. Cha kuangalia ni mwendo. Kwa mbegu hizi, karibu mwezi wa tano mbwa huwa na kama nusu ya uzito wake wa ukubwani. Uzito upande polepole kila wiki. Ukiona wiki moja ameruka ghafla na mbavu zimeanza kupotea, punguza chakula kama sehemu moja ya kumi, subiri wiki, pima tena. Usimkatie ghafla wala usimshindishe njaa.

Na aliyekonda kwa ugonjwa, ukimtibu akapona, usimkimbize arudi haraka kwenye uzito wa ndugu zake. Mpandishe taratibu. Atafika.

MAZOEZI

Wateja wengi wakinunua German Shepherd wanataka aanze "mafunzo ya polisi" wiki hiyohiyo. Anafungwa kwenye baiskeli anakimbizwa kwenda na kurudi. Anaruhusiwa kuruka kutoka nyuma ya pikapu. Jamani, hapana.

Norway walifuatilia watoto wa mbegu kubwa wakaona kwamba waliopanda na kushuka ngazi kila siku kabla ya miezi mitatu walikuwa na hatari kubwa zaidi ya ugonjwa wa nyonga. Waliocheza nje kwa uhuru kwenye ardhi laini walikuwa na hatari ndogo. Kwa hiyo uwanja wetu wa udongo na nyasi ni mali. Mwache acheze na ndugu zake, akichoka alale mwenyewe. Asizoezwe kwenye sakafu ya vigae au saruji inayoteleza. Kukimbia umbali mrefu na kuruka vitu virefu kusubiri mpaka afunge ukuaji, yaani baada ya mwaka na kidogo.

NAUZAJE SASA MBWA AMBAYE SIYO BONGE?

Hapa ndo kwenye biashara. Nilipoacha kunenepesha, mwezi wa kwanza nilitetemeka. Mwenzangu mmoja anaposti mabonge, mimi naposti watoto wenye viuno. Inboksi ikawa kimya. Mteja mmoja akaandika kabisa, "Mbona hawa wamekonda, unawalisha kweli?" Nusura nirudi kwenye maziwa na mafuta.

Nilibadilisha ninachoonyesha badala ya kubadilisha mbwa:

1. Badala ya picha, naposti video ya kutembea. Sekunde 20: mtoto anatembea, anakimbia, anakaa, anainuka. Mbele na nyuma. Mtu anayenunua mlinzi ananunua miguu.

2. Naonyesha mama na baba wakikimbia. Kama mzazi hawezi kuonyeshwa akikimbia, mteja ana haki ya kujiuliza.

3. Naweka picha ya ukurasa wa daftari la uzito. Hakuna kitu kimenipandishia heshima kama hicho. Mteja anaona huyu mtu anafanya kazi.

4. Nawajibu wale wa "mbona wamekonda" kwa upole, hadharani, kwa sentensi mbili: "Mbegu kubwa inakuzwa polepole ili nyonga zikomae. Unene wa sasa ni kuchechemea kwa kesho." Jibu moja hilo linasomwa na watu mia.

5. Kila mbwa anaondoka na karatasi: tarehe ya kuzaliwa, uzito wa kila wiki, dawa za minyoo na chanjo alizopata, chakula alichozoea na kipimo chake, na tarehe ya chanjo zinazofuata. Kichaa cha mbwa huchanjwa akitimiza miezi mitatu, kwa hiyo anayechukua mtoto wa wiki nane lazima ajue hilo ni jukumu lake. Na simtoi kabla ya wiki nane hata mteja akiongeza hela.

6. Namtumia mteja ujumbe kila mwezi mpaka mbwa atimize mwaka: "Kaka, leo mpime, nitumie na video akitembea." Inanichukua dakika mbili. Inaniletea wateja wapya kuliko tangazo lolote la kulipia.

Kwa wanaosafirisha nje ya wilaya, pita kwanza kwa afisa mifugo upate kibali na mbwa akaguliwe. Na tukumbuke Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Mbwa ni kiumbe, siyo mzigo wa kusokomezwa kwenye buti ya basi.

DALILI ZA KUMWAHISHA KWA DAKTARI

Mwambie na mteja wako: anachechemea zaidi ya siku mbili, anachelewa kuinuka asubuhi, anakimbia kama sungura, miguu ya mbele inapinda au vifundo vinavimba, analia ukimgusa nyonga au kiwiko, hataki kucheza. Mapema kuna mengi ya kufanya. Ukichelewa, yanabaki machache.

Na usimpe dawa za maumivu za binadamu. Diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kumtoboa tumbo na kumuua figo. Duka la dawa liko karibu na ni rahisi, najua, lakini hapana.

NIMALIZIE HIVI

Mwaka jana yule kaka wa Simba alinipigia. Nilidhani ana lalamiko jipya. Akasema mdogo wake anafungua ghala la mpunga, anataka mbwa. Nikamuuliza, "Kweli kaka, baada ya yale?" Akasema, "Ulirudisha hela, na nimeona siku hizi unaposti mbwa wanatembea. Ila safari hii nitakuja na mizani yangu." Alikuja nayo kweli. Tukapima pamoja, akaandika mwenyewe.

Mbwa yule ana miezi 11 leo. Jana nimetumiwa video yake, anazunguka ghala usiku, miguu minne yote inafanya kazi.

Jumapili hii, kabla hujaposti, pima wa kwako kwanza. Tuko pamoja.